Pampu Nne za Ijumaa

Mkwe wangu anasema mimi ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni kutotulia. "Mama, si umestaafu? Kaa basi." Nakaa. Mara lori la tofali linashusha kwa jirani hapa Bweri, na mimi nimeshafika dirishani, midomo inacheza, nahesabu tofali za watu. Juzi nilimwambia jirani kwamba amepunjwa. Alinishukuru, lakini mke wake siku hizi anafunga pazia.

Sasa jana Neema akanipigia. Neema ndiye niliyemwachia ufunguo wa stoo kule mjini Musoma, duka la pembejeo na dawa za mifugo nililolitumikia tangu usichana wangu mpaka magoti yakaanza kulia. Akaanza na shikamoo ndefu, nikajua kuna kitu. "Mama Magesa, wale wa Mwanza wametuletea mipira ya kumwagilia imezidi. Hatukuiagiza. Dereva ameshaondoka. Bosi anasema tukae kimya, wakiitaka watauliza wenyewe. Tufanyeje?"

Nikamwambia warudishe, wapige simu leo leo. Akasema, "Sawa, Mama."

Weee! Hiyo sawa naijua. Ni sawa ya mtu anayetaka kukata simu. Tangu hapo roho iko juu. Nimechemsha chai nikaisahau jikoni, nimefagia uwanja uliokwisha fagiwa. Leo asubuhi nimempigia tena Neema, simu inaita tu. Nikaona heri niandike, maana neno moja la kwenye simu halitamsaidia siku bosi amesimama mbele yake mkono kiunoni. Na nyie wengine mliobaki stoo someni, ila mkisinzia msiniambie.

Sitaandika nilipanda cheo lini. Stoo haina ngazi, ina mlango tu. Nilitoka Bugwema nikijua mihogo, pamba na mbuzi, na siku ya kwanza nikapewa ufagio. Nilifagia kwa bidii ya mgeni mpaka vumbi la dawa likanitoa machozi, wateja wakadhani nimefiwa. Mtunza stoo alikuwaga Bi Mwajuma, mwanamke mfupi, mzaliwa wa mjini, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Aliniangalia, akanirushia kitambaa, akasema, "Jifute. Dawa hailiwi kwa macho. Njoo nikufundishe kuhesabu."

Mimi nikajisemea moyoni, kuhesabu? Si nimesoma mpaka la saba? Kumbe sikujua lolote. Nilikuwa nahesabu kwa macho, kama watu wote. Bi Mwajuma akanipiga kofi la mkononi. "Macho ni waongo! Gusa!" Kwake mzigo hauhesabiwi ukiwa juu ya lori, maana huko makuli wanakuharakisha na dereva anapiga honi. Unashushwa chini, unapangwa tano tano, kiganja kinalala juu ya kila boksi, na hesabu inatoka kwa sauti. Ukimaliza unaanza upya kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zikikubaliana ndipo unapiga chaki. Vifaa vyetu vilikuwa hivyo tu, chaki, kamba ya katani, na kisu kifupi ambacho yeye alikuwa anakatia kucha pia, Mungu amrehemu.

Jambo jingine lilinisumbua mwanzoni. Kabla ya mzigo, Bi Mwajuma alikuwa anauliza jina. Lori likisimama tu, anamwendea dereva. "Unaitwa nani, baba? Umetoka nyumbani lini? Umekula?" Nilidhani ni udaku. Siku moja nikamuuliza, shangazi, jina la dereva linaongeza nini kwenye mbolea? Akacheka mpaka akakohoa. "Mzigo ukikosewa, wewe mtoto, haukamatwi mzigo. Anakamatwa mtu. Mjue kabla hajakamatwa."

Na kulikuwa na neno lake moja ambalo nyie wote nimewaimbia mpaka mkanichoka. Kikipungua piga kelele, kikizidi piga kelele zaidi. Kupungua kila mtu anajua kulalamika, hata mtoto aliyepewa andazi dogo. Ila mzigo ukizidi kwako hauoti kama uyoga. Umepungua kwa mtu mahali fulani, na huko mtu huyo anapiga kelele na wewe humsikii. Wewe peke yako ndiye unayejua kitu kilipo. Sasa ukinyamaza?

Lakini kuna kitu kinachowachanganya watu wa huku kwetu, nacho ni nyongeza. Mama yangu aliuza dagaa sokoni Musoma. Anakupimia kopo, analijaza mpaka kilele kinamwagika, halafu anachota tena kwa mkono, anatupia juu na kusema kwa sauti, "Na hii nyongeza yako, mama, uje tena." Mchuuzi asiyetoa nyongeza hapa ataoza na dagaa wake. Tumekua hivyo. Ndiyo maana boksi likizidi kwenye lori, kitu cha kwanza kinachomjia mtu kichwani si kosa. Anasema ni nyongeza. Mungu amemkumbuka.

Na bosi wetu alikuwa bingwa wa kudai nyongeza. Namsema Mzee Mugeta, baba yake huyu bosi kijana mliye naye sasa. Alikuwa mtu mzuri, naomba niseme mapema kwa sababu huko mbele nitamsema. Mtu wa Butiama, Msabato wa kweli kweli, duka analo mjini na nyumba Nyakato ya hapa hapa Musoma, lakini moyo uko kwenye ng'ombe zake kijijini. Kila akipiga simu Mwanza kuagiza mzigo anamalizia hivi, "Na nyongeza yangu je? Miaka yote hii nanunua kwenu, mna mkono wa birika nyie!" Mwanza wanacheka. Safari moja yule mtu wa ofisi akamjibu, labda ili amalize simu, "Haya mzee, safari hii tutakukumbuka." Mzee Mugeta akakata simu anang'aa. Akatutangazia dukani wote kwamba safari hii atakumbukwa. Mimi nikaendelea kupanga vidumu vya dawa, sikujua kwamba hilo neno litanitoa jasho.

Dereva wa lori la Mwanza alikuwa Sefu, mtu wa Bunda, mpole, anaendesha pole mpaka watu wanamtania kwamba baiskeli za wauza maziwa zinampita. Aliniita dada. Nami nilijua mke wake anaitwa nani, na kwamba mchuzi wa samaki unamletea kiungulia. Bi Mwajuma alikuwa ameshakufa wakati huo, lakini nilikuwa bado nauliza majina.

Ilikuwa Ijumaa, msimu wa kupulizia pamba. Sasa nisikilizeni hapa vizuri. Lori lilifika Bunda watu wanajiandaa kwa swala ya Ijumaa. Mwenye duka wa Bunda anataka kuwahi msikitini, Sefu naye anataka kuwahi msikitini, makuli vilevile. Wakashusha kilichokuwa karibu na mlango wa lori, mwenye duka akasaini bila kugusa hata boksi moja, wakaenda kuswali. Baada ya swala Sefu akaja Musoma. Akafika kwetu jua linateremka, na Mzee Mugeta yuko mlangoni analiangalia hilo jua kuliko anavyoangalia mzigo, kwa sababu likizama tu Sabato imeingia na biashara basi. "Shusheni, shusheni! Vyote vilivyo chini ya turubai ni vyetu!" Akamsainia Sefu hapohapo juu ya tairi. Sefu naye anataka kurudi Bunda kwa familia. Alinipungia mkono akaondoka. Kwa hiyo Bunda walikimbilia swala, sisi tukakimbilia Sabato, na mzigo wa mtu ukapita katikati.

Nilipohesabu mimi, tano tano, kiganja juu, yakabaki maboksi manne pembeni. Nikaanza upande wa pili. Manne. Nikasoma ubavuni, pampu za mota, zile za kubeba mgongoni zenye injini ya petroli. Duka letu halijawahi kuuza pampu za mota hata siku moja. Tulikuwa tunauza za mkono.

"Mzee, hizi si zetu."

Akaja, akayaangalia, uso ukafunguka kama mtu aliyeletewa mahari. "Nyongeza! Si nilikwambia? Wamenikumbuka!"

"Nyongeza gani, mzee? Ukinunua dagaa unaongezewa dagaa. Nani aliwahi kuongezewa sato?"

"Ndiyo ujue mimi ni mteja mkubwa."

"Nyongeza inatolewa mbele ya macho. Inasemwa kwa mdomo. Hizi zimekuja kimya."

"Mama Magesa," akasema, ufunguo uko tayari mkononi, "Mungu akikufungulia mlango, wewe unatafuta kufuli? Funga duka. Jua hilo linazama."

Nikaomba basi tupige simu Mwanza, dakika moja tu. Akaonyesha jua. Nikayasukuma yale maboksi nyuma ya mlango, mbali na shelfu, nikayafunga pamoja kwa kamba ya katani, nikapiga picha kwa simu, nikaandika kwa chaki juu yake, SI YETU. Haya ndiyo mambo ya kufanya, Neema, kabla hata hujaanza kubishana na bosi. Usikifungue, usikipange na vya kwako, kitenge mpaka kila anayeingia akione. Kitu kikishakaa shelfu siku mbili kinaanza kuzoea jina lako.

Jumamosi saa za mchana Sefu akanipigia. Sikuitambua sauti yake.

"Dada, hukuona kitu huko? Pampu nne za mota?"

"Ziko kwetu, Sefu. Nimezifunga kamba. Ziko salama."

Akasema, "Alhamdulillahi," mara nyingi, mpaka nikaogopa. Kisha akanieleza. Mwenye duka wa Bunda alifungua stoo asubuhi akakuta pampu hazipo, na wakulima waliozilipia wamekaa barazani wanazisubiri. Akapiga Mwanza. Mwanza wakasema zilipakiwa, tena wao wenyewe waliziona. Na kwa kuwa miezi iliyopita dereva mwingine aliuza mbolea yao njiani, hawakutaka maelezo. Wamemtuma mtu kuja kuchukua funguo za lori. Jumatatu asubuhi Sefu afike ofisini na pampu, au aende polisi. Wakati huo lori limeegeshwa palepale stendi Bunda, na watu wamelizunguka wanalitazama kama gari lililogonga mtu.

"Wananiambia nimeziuza njiani, pale Lamadi, dada. Mbele ya mke wangu."

Nikampigia mtu wa ofisi Mwanza papo hapo. Akanisikiliza, halafu akaniambia, taratibu kabisa, kwamba mtunza stoo na dereva wanajuana, hizo picha zinaweza kupigwa popote, yeye anataka neno la mwenye duka. Nikataka kumtukana. Nilikaza meno. Lakini mnajua, hakukosea sana, maana wezi wa stoo na wa lori ndugu moja. Nikampigia Mzee Mugeta. Simu imezimwa. Sabato.

Nikapanda boda mpaka Nyakato. Nikamkuta barazani na wageni wa kanisani, wamevaa suti, wanakula. Alinikaribisha vizuri, nikapewa kiti na sahani. Nilipotaja tu neno pampu, akainua mkono. "Mama Magesa, leo si siku ya pampu."

"Mzee, kuna mtu anaumia."

"Jua likizama tutaongea."

Nifanye nini? Nimvunjie mtu ibada mbele ya wazee wenzake? Nikaondoka, nikatembea mpaka ziwani, nikarudi, nikaenda tena ziwani. Wauza dagaa waliniuliza kama nimepoteza mtoto. Jua likazama. Nikarudi Nyakato, naambiwa mzee amekwenda Butiama, kesho anaogesha ng'ombe.

Jumapili asubuhi nilipita stoo kwanza. Kamba imekatwa! Maboksi matatu yapo, la nne halipo. Mzee alikuwa amepita na ufunguo wake usiku akaondoka nalo. Misa niliikosa siku hiyo, nikamwambia Mungu anihesabie safari badala ya rozari, nikamlipa kijana wa boda anipeleke Butiama moja kwa moja. Njia nzima nilikuwa namwambia aongeze mwendo, na akiongeza nampiga begani kwamba ataniua.

Kabla sijafika nyumbani kwa mzee nikaisikia. Mota. Inanguruma huko zizini, ng'ombe wanalia, mbwa wanabweka. Nikaingia. Mzee Mugeta amevaa buti za mvua, pampu ya watu iko mgongoni, anawapulizia ng'ombe wake dawa ya kupe huku anatabasamu kama mtoto mwenye baiskeli mpya. Akanitikisia kichwa, kwamba karibu.

"Mzee, Sefu amenyang'anywa lori!"

Akaonyesha sikio. Hasikii.

"Sefu anapelekwa polisi!"

Akaonyesha tena sikio. Thubutu! Alikuwa anasikia vizuri, namjua. Nikazunguka nyuma yake nikatafuta kitufe nikaizima. Zizi lote likanyamaza, hata ng'ombe walishangaa.

"Mama Magesa! Umezima mashine yangu?"

"Ya kwako tangu lini?"

Nilimweleza yote, kuanzia Bunda mpaka Mwanza, sikupumzika. Akasikiliza, tabasamu likamwisha. Lakini akasema, "Nitapiga kesho. Nikipiga leo watasema nimeiba, nimeona moto ndiyo narudisha. Na hii nimeshailowesha. Nina jina mjini, Mama Magesa."

"Wewe jina lako lina duka, lina nyumba, lina ng'ombe. Na la Sefu lina nini?"

Akaanza kutafuta kitufe awashe tena. Haki ya Mungu, nilikuwa tayari kuimwaga petroli ile chini, na kazi anifukuze. Ndipo mke wake akasimama kutoka kwenye kigoda alichokuwa anakamulia. Mama Wegesa si mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameshika ndoo ya maziwa, na povu liko juu.

"Baba Wegesa," akasema, "yule mtamba wako mwekundu umemsahau?"

"Mtamba ameingiaje hapa?"

"Aliyefuatana na ng'ombe wa jirani jioni akalala kwao siku tatu bila sisi kupata habari. Ulikwenda kule na fimbo. Mimi nilikuwa nyuma yako. Ulisema nini mbele ya watu?"

"Mambo ya ng'ombe ni mengine."

"Nauliza, ulisema nini?"

Mzee akaangalia buti zake. Kwetu Mara hapa hakuna asiyeijua hiyo sheria, hata mlevi. Ng'ombe wa mtu akiingia zizini kwako na wa kwako, huli, hukamui, unatuma habari jioni ileile. Akasema polepole, "Nilisema anayefunga zizi na ng'ombe wa mtu ndani, akanyamaza, ni mwizi. Hata kama ng'ombe aliingia mwenyewe."

"Haya," Mama Wegesa akasema. "Na wewe huyu umeshamkamua kabisa."

Akaingia ndani na ndoo yake. Sisi tukabaki na ng'ombe. Mzee Mugeta akavua pampu mgongoni, akaiweka chini kwa upole, akanawa mikono mpaka viwiko, ndipo akawasha simu. Mtu wa ofisi alipopokea, mzee hakumwambia habari ya nyongeza wala habari ya kukumbukwa. Alisema, "Pampu zenu zimelala kwangu tangu Ijumaa, moja iko zizini. Ziliingia na mzigo wangu, sikutoa habari. Kosa ni la kwangu, dereva mwacheni." Kisha akasikiliza muda mrefu. Alikuwa anasema ndiyo, ndiyo. Sikuwahi kumsikia akisema ndiyo mara nyingi hivyo kwa mtu asiye mchungaji.

Wakakubaliana. Tatu zikae kwetu bila kuguswa mpaka lori lao lenyewe lije kuzichukua, kwa gharama yao, kwa sababu kosa la kupakia na kushusha halikuwa letu. Ile ya zizini ainunue yeye, Bunda wapelekewe nyingine. Nikamwomba mzee awaambie watume na ujumbe wa maandishi kwenye simu, wenye jina la atakayekuja kuchukua. Na hili mlishike. Kitu kilichozidi hakipewi dereva yeyote anayepita akisema ametumwa. Mtakuwa mmerudisha kosa moja kwa kufanya la pili.

Nikampigia Sefu nikiwa nimesimama palepale kwenye mavi ya ng'ombe. Nikamwambia, mzee ameongea, lori ni lako. Nikasikia anamwambia mke wake, "Zimeonekana." Mke akapiga kigelegele, katikati yake akaanza kulia. Mimi nikakata simu, maana na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kukaa.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa. Jumatatu Sefu alirudishiwa funguo, na mtu wa ofisi alimwomba radhi, ila kwa simu. Radhi hiyo aliisikia Sefu peke yake. Bunda waliokuwa wamezunguka lori Jumamosi hawakuitwa tena kuja kusikiliza. Wengine walisema lisemwalo lipo. Wengine walijua kabisa kwamba hakuiba, lakini utani ulikuwa umeshawakolea. Walianza kumwita Pampu. Pale wanapokunywa kahawa, "Pampu amekuja, mpisheni." Watoto wake shuleni wakawa watoto wa Pampu. Yeye alikuwa anacheka. Dereva mpole atafanya nini? Ila kuanzia safari iliyofuata hakuondoka tena kwetu kabla sijamaliza kuhesabu. Alisimama pembeni, anahesabu na mimi kwa sauti, na kiganja chake kinagusa kila boksi baada ya changu. Hata boksi la misumari.

Mzee Mugeta alilijua hilo jina. Safari moja tulikwenda naye Bunda kwa mwenye duka, tukasikia mtu ng'ambo ya barabara anaita, "Pampu! Wewe Pampu!" na Sefu anageuka. Mzee akasimama. Alimvukia yule mtu barabara, na fimbo yake, na suti yake, akamwambia mbele ya stendi nzima, "Anaitwa Sefu. Pampu ilikuwa kwangu. Kama ni jina, niite mimi." Watu wakacheka sana. Kesho yake wakaendelea kumwita Sefu Pampu. Siku nilipostaafu Sefu naye alikuwa ameshaacha lori kwa ajili ya mgongo, na alipokuja kuniaga, msichana wa dukani aliyepokea salamu alikuja akaniambia, "Mama Magesa, kuna mzee nje anaitwa Pampu."

Zile pampu tatu tulizirudisha, Neema. Wakulima wa Bunda walipulizia pamba yao, Mwanza walipata chao, mzee akaogesha ng'ombe mpaka kupe wakahama wilaya. Kila kitu kilirudi mahali pake isipokuwa jina la Sefu, na habari ilichelewa kwa siku tatu tu, Ijumaa mpaka Jumapili.

Bosi kijana akisoma hapa na akikasirika, akamuulize mama yake habari ya mtamba mwekundu. Na wewe Neema, nimekupigia mara nyingine tena na hupokei. Basi nimeshavaa viatu, boda yuko mlangoni, mkwe wangu ananiangalia kwa huruma. Nakuja. Hiyo mipira ikiwa iko shelfu ishushe, ifunge kamba. Jana uliniambia dereva ameshaondoka, nami kwa hasira nikasahau kuuliza kitu ambacho Bi Mwajuma angekiuliza kwanza. Huyo dereva anaitwa nani? Mpigie umwite kwa jina lake sasa hivi, kabla huko aliko hawajampa jingine.